Baba anaziona dakika zangu



Dominika ya leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho pengine hukutarajia kukikuta katika safu hii: mashine ya kuchezea gemu. Sisemi zile zinazounganishwa na televisheni katika vibanda vya mitaani, ambako vijana hulipia kwa muda. Hii ni ya kushika mkononi, imetoka Japani, na hapa kwetu bado ni ngeni. Kwa siku 11 ilikaa ndani ya kabati la ofisi yangu ya parokia, kati ya daftari la ubatizo na boksi la mishumaa, na funguo nilitembea nazo mfukoni. Niliifungia mwenyewe, na moyoni nilijisifu kwamba nimefanya kazi njema ya kichungaji. Leo nataka kukueleza jinsi nilivyokosea.

Niliiona mara ya kwanza Jumamosi moja, baada ya sala ya jumuiya nyumbani kwa mwamini mmoja, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mama wa nyumba ile anaishi na watoto wawili. Mumewe yuko Japani, huu ni mwaka wa nne, anafanya kazi katika yadi ya magari yaliyotumika, haya haya tunayoyapokea bandarini na kuyaendesha yakiwa bado na vibandiko vya Kijapani kwenye vioo. Mtoto wa kwanza ni mvulana wa miaka 11, yuko darasa la tano na anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Watu walipokuwa wakinywa chai, alinijia taratibu akaniambia: "Padri, njoo uone zawadi ya Baba."

Aliitoa ndani ya foronya kama mtu anayetoa yai. Inaitwa Nintendo Switch 2. Ilianza kuuzwa tarehe 5 Juni, 2025, na baba alimpa mwenzake aliyekuwa anakuja likizo ailete. Ni nyeusi. Kioo chake ni cha inchi 7.9, kipana kuliko simu yoyote niliyowahi kumiliki, na pamoja na vishikio vyake viwili inazidi nusu kilo kidogo. Vishikio hivyo vimeshikwa ubavuni kwa sumaku. Mtoto alivibandua, akaisimamisha mashine mezani kwa mguu wake wa nyuma, kishikio kimoja akabaki nacho, cha pili akaniwekea kiganjani. Hilo lilinigusa. Nilizoea kuamini kwamba vitu hivi vimetengenezwa ili mtu ajifungie peke yake, kumbe hiki kinatoka kiwandani kikiwa na sehemu ya jirani.

Tukacheza mashindano ya magari, gemu iitwayo Mario Kart World. Humo kuna hata ng'ombe anayeendesha, na kwa kuwa mimi natoka katika ukoo wa wafugaji, nilimchagua yeye. Washindani walikuwa 24. Nilimaliza wa 23, na yule wa 24 sijui alipatwa na nini.

Kisha akaniletea kadi ya gemu nyingine, ndogo kama stempu. "Padri, ilambe." Nikailamba. Ndugu msomaji, mwarobaini ni asali! Mtoto alicheka hadi akakaa chini. Baadaye nilifahamu kwamba tangu mashine ya kwanza ya aina hii, iliyotoka mwaka 2017, kampuni hupaka kadi hizo kitu kichungu sana kiitwacho denatonium benzoate, ili mtoto mdogo akiitia mdomoni aiteme asije akaimeza. Nikasema moyoni, walioitengeneza walimfikiria mtoto ambaye mama yake ametoka kidogo kwenda kugeuza wali.

Nilipotaka kusoma maandishi ya kwenye kioo nilikwama. Seminarini nilisoma Kilatini, na Kigiriki kidogo cha Agano Jipya, lakini hapo vyote viwili havikunisaidia kitu. Huko Japani mashine hii inauzwa ya aina mbili. Moja ina lugha nyingi na bei yake ilikuwa yeni 69,980. Nyingine ina Kijapani peke yake, yeni 49,980. Baba alinunua ya pili. Tofauti ilikuwa yeni 20,000, na kwa mtu anayelipa ada na kujenga nyumba kutoka ng'ambo, hizo ni fedha.

"Sasa wewe unasomaje?" nikamuuliza.

"Sisomi, Padri. Nimekariri. Hapa ni ndiyo, hapa ni hapana. Na haya yakitokea, maana yake muda umeisha. Baba ameweka dakika 60. Nikizidisha anaona kule kule kwenye simu yake. Baba anaziona dakika zangu."

Alilisema hilo huku anatabasamu. Mimi nilidhani ananitania tu, na nikarudi kwenye chai yangu.

Usiku ule nilitafuta habari za hao waliotengeneza kitu hicho. Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 katika mji wa Kyoto, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Mwaka 1980 ilitoa vigemu vidogo vya mkononi vilivyokuwa pia na saa. Aliyevibuni ni Gunpei Yokoi, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia ndani ya treni, alipomwona abiria mmoja aliyechoka na safari anabonyezabonyeza kikokotoo chake ili muda upite. Mwaka 1989 Yokoi na wenzake wakatoa Game Boy, iliyotumia betri nne ndogo. Hiyo ilikuwa na waya wa kuunganisha mashine mbili, ili watu wawili wacheze pamoja. Nilitafakari safari hiyo: ilianza na mtu mmoja mpweke ndani ya treni, na baada ya miaka michache kukawa na waya wa kumfikia mwenzake.

Nilisoma pia kuhusu ile programu ya kwenye simu ya mzazi. Wajapani wameiita kwa neno mimamori, yaani kumtazama mtu kwa nia ya kumlinda. Mzazi anapanga dakika za mchezo kwa siku. Zikiisha, onyo linatokea kwenye kioo cha mtoto. Mzazi anaweza kuamua gemu ijikate yenyewe, au onyo litokee tu na mtoto aachwe ajizuie. Mashine ikiwa na intaneti, mzazi aliye popote duniani anaona mtoto amecheza muda gani. Nikaona ni jambo jema kabisa. Nikawaza hata kulisema katika homilia.

Baada ya kama wiki tano, mama yule alikuja ofisini siku ya Jumatano. Mashine alikuwa ameifunga ndani ya kanga.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele, amina. Karibu, mama."

"Padri, kitu hiki kimekuwa pepo nyumbani kwangu. Bando la wiki linaisha kwa siku mbili, kumbe anachukua simu yangu kisirisiri anaiunganishia mashine intaneti. Baba yake amempangia muda, kila siku anauzidisha. Kila siku baba yake anapiga kumgombeza, na mtoto hasikii. Jumamosi hakwenda hata kwenye mazoezi ya Utoto Mtakatifu. Nakuomba uifungie wewe. Ikiwa kwako ataogopa."

Nilikubali mara moja. Nikamwita kijana, nikamketisha mbele ya meza yangu, nikamweleza juu ya kiasi na utii. Nilizungumza vizuri, nadhani. Hakulia wala hakubisha. Aliniuliza jambo moja tu: "Padri, itakuwa imezimwa?"

"Imezimwa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akainamisha kichwa. Nikafikiri anaililia gemu yake.

Siku ya 11 ilikuwa Dominika. Baada ya Misa ya pili nilimkuta amesimama kwenye mlango wa sakristia, ameshika kofia.

"Shikamoo, Padri."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

"Naomba mashine yangu. Si kwa siku nzima. Naiomba kwa saa moja na dakika moja."

Nilitaka kucheka. "Na hiyo dakika moja ni ya nini?"

"Ili Baba apige."

Ndugu msomaji, nimekuwa padri kwa miaka mingi, na nimeketi katika kitubio saa nyingi nisizoweza kuzihesabu. Sikumbuki sentensi iliyonipiga kama ile. Nilimwingiza ndani, nikamwambia akae, naye akanieleza kama anavyoeleza mtoto, bila kumlaumu mtu.

"Baba akipiga, anaongea na Mama mambo ya ada na mabati. Mimi napewa simu namwamkia tu, ananiambia soma kwa bidii, inakatika. Lakini nikizidisha dakika anasema, mpe simu huyo. Ananigombeza. Halafu hasira ikiisha ananiuliza leo nimekula nini."

Akanyamaza kidogo. "Tangu uichukue hajaniulizia. Amemtumia Mama meseji kwamba amefurahi, anaona sasa ni sifuri. Hata nisicheze, Padri. Nitakuwa naigusagusa tu isizime."

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya mama yake: kila siku baba yake anapiga. Niliyasikia kwa masikio yangu siku ile ya Jumatano, nikayapita.

Niliomba ruhusa kwa mama, nikampigia baba. Kwetu ilikuwa saa sita mchana, kwao saa kumi na mbili jioni, maana wametutangulia kwa saa sita. Alianza kunishukuru kwa kumsaidia malezi. Nilipomsimulia yale niliyoambiwa sakristiani, upande wa pili ukawa kimya kiasi kwamba nilidhani simu imekatika.

"Padri," akasema hatimaye, "mimi asubuhi nikiamka, kabla ya kunawa, naangalia ile namba. Nikiona sifuri namshukuru Mungu. Nasema, mwanangu ametulia, leo siku yangu itakwenda vizuri."

Usimhukumu baba huyu. Anaamka alfajiri, anasimama uwanjani kutwa kwenye baridi ambayo wewe na mimi hatujaijua, na kila mwezi fedha inafika. Alitafuta mashine ile dukani wakati wanunuzi Japani walikuwa wengi kuliko mashine, hata ikabidi ziuzwe kwa kupigiwa kura. Anampenda mwanawe. Kosa lake ni dogo, na ndilo kosa letu wengi: aliona namba, akadhani amemwona mtoto.

Injili ya Luka, sura ya pili, inatusimulia habari inayofanana na hii. Maria na Yosefu walikuwa wanarudi kutoka Yerusalemu baada ya sikukuu. Walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo katika msafara, pamoja na ndugu na marafiki. Hao ni watakatifu, ndugu msomaji, na bado walitembea siku nzima kwa kudhani. Hakuna aliyewaambia kuna tatizo. Msafara ulikuwa shwari. Kilichowaokoa ni kwamba jioni walimtafuta kwa macho yao wenyewe, na walipomkosa walirudi njia yote waliyokuja, hadi siku ya tatu walipompata hekaluni. Na mama yake hakuanza kwa kuhesabu siku alizopotea. Alimuuliza kwa nini amewatendea vile, akamweleza uchungu waliokuwa nao wakimtafuta.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo ndani ya familia, Amoris Laetitia, anaianza sura ya malezi ya watoto kwa swali la wapi watoto wetu walipo. Anafafanua kwamba jambo kubwa si kujua mtoto amesimama mahali gani na yuko na nani, bali kujua yuko wapi katika moyo wake, imani yake na matamanio yake. Anaonya pia kwamba mzazi anayetaka kudhibiti kila hatua ya mwanawe hajamlea bado. Niliwahi kuifundisha sura hiyo katika semina ya wanandoa. Niliifundisha, nikapigiwa makofi, kisha nikafungia mashine kabatini bila kumuuliza mtoto hata swali moja.

Kiswahili chetu kina hekima katika jambo hili. Mama anayekwenda sokoni humwambia jirani, "Niangalizie mtoto." Hamwombi amkodolee macho. Anamwomba amlishe akilia, amfute kamasi, amwite akitoka nje ya uzio. Kwetu kumwangalia mtu ni kumtazama na pia kumtunza, na neno ni moja. Wajapani nao waliipa programu yao jina zuri la namna hiyo hiyo. Lakini programu inaweza kufanya ile nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili inahitaji mtu aulize, leo umekula nini.

Na Mungu wetu hutuangalia namna gani? Fungua Mwanzo, sura ya tatu. Adamu amekosa, amejificha kati ya miti. Mungu anajua kila kitu. Angeweza kutoa hukumu moja kwa moja, maana hesabu yote anayo. Lakini neno lake la kwanza kwa Adamu ni swali: yuko wapi? Hakuuliza kwa sababu hajui. Aliuliza ili mtu aliyejificha asikie anaitwa, apate kujibu kwa mdomo wake. Sisi tunaotumia simu na namba na madaftari tunafanya kinyume: tunajua mengi, tunauliza machache.

Sisemi kwamba mtoto hakukosa. Alikosa. Alitumia bando la mama yake bila ruhusa, naye alimwomba mama msamaha mbele yangu. Wala sisemi kila mtoto anayezidisha muda wa gemu anamlilia baba yake. Wengine wanapenda gemu tu, na hao muda wao lazima uwe na mpaka. Nasema hivi: kabla ya kufunga kabati, muulize. Watengenezaji wa ile kadi walitia uchungu ili kumlinda mtoto. Mimi nilitia uchungu nikadhani huo ndio ulinzi.

Nikaanza kuzitazama sifuri zangu mwenyewe. Katekista huniletea daftari la mafundisho, naona alama za vema mbele ya jina la mtoto huyo, nasema anaendelea vizuri. Yuko mzee wa jumuiya ambaye zaka yake inafika kila mwezi kwa simu, nami nafurahi, nisijue kwamba anaituma kwa simu kwa sababu miguu haimfikishi tena kanisani. Nawe, ndugu msomaji, unazo zako. Mama kijijini ambaye hajaomba fedha miezi mitatu. Mke ambaye siku hizi halalamiki. Kijana wa kidato cha tatu anayeingia chumbani mapema, hana kelele. Tunaona sifuri, tunamshukuru Mungu, tunageukia shughuli nyingine. Inawezekana kweli ni amani. Inawezekana pia ni mtu aliyeambiwa kwamba amezimwa kabisa.

Unataka kujua iliishaje? Mashine imerudi nyumbani. Dakika bado ni 60. Tulikubaliana kwamba kila Dominika saa nne asubuhi, yaani saa kumi jioni kwao, baba atampigia mtoto kwanza, na habari za mabati zitasubiri. Dominika ya kwanza waliongea dakika 47. Nazijua kwa sababu mama alizihesabu kwa furaha. Dominika ya pili meli ilikuwa inapakiwa na baba hakutoka kazini. Mtoto alikaa na simu mapajani hadi saa kumi na moja jioni, ndipo ikaita. Kule ilikuwa saa tano ya usiku. Siwezi kukudanganya kwamba yote yamekwisha. Japani bado ni mbali, na mkataba wa baba haujaisha.

Nakuomba jambo moja leo, baada ya Misa. Mtafute mtu mmoja ambaye kwako ni sifuri, yule ambaye hajakusumbua siku nyingi, umpigie. Usimwagize kitu. Usimuulize matokeo ya mtihani. Muulize amekula nini, kisha umsikilize hadi amalize.

Wazazi wa kijana huyu wameniruhusu kuandika haya. Yeye mwenyewe aliniruhusu kwa sharti kwamba niseme ukweli kuhusu mashindano yetu. Basi, nasema: tumecheza mara nne, na mara zote nne amenishinda.

Dominika njema.